Gazeti mchana, jukwaa usiku: Gustav Preller na safari ya Kiafrikaans

Swali: "Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari mkoani Morogoro, na ni mlezi wa klabu ya maigizo. Wenzangu wananiambia maigizo ya wanafunzi ni kupoteza muda, eti lugha hukuzwa na kamusi na mabaraza. Nimesoma kwamba Kiafrikaans, kile tulichozoea kukiita Kikaburu, kilipiganiwa na mwandishi wa gazeti aliyekuwa pia mtu wa jukwaa, Gustav Preller. Je, jukwaa lilichangia lolote, au gazeti ndilo lililofanya kazi yote? Na kwa yale yaliyokuja kufanywa na Makaburu, mtu kama huyo nitamfundishaje darasani?"

Marahaba, mwalimu. Nitakupa jibu fupi kwanza, halafu nikueleze kwa nini naliamini. Gazeti lilikipa Kiafrikaans hoja, jukwaa likakiondolea aibu. Na aibu ndiyo iliyokuwa kikwazo kizito zaidi, kwa sababu waliokidharau kwa dhati walikuwa wazungumzaji wake wenyewe. Mtu anaongea na mkewe kwa Kiafrikaans tangu alfajiri, anawaita ng'ombe zake kwa Kiafrikaans, lakini akishika kalamu kumwandikia huyo huyo mkewe anaona haya, anahamia Kiholanzi, lugha iliyozaa Kiafrikaans, ambacho hakimudu. Kanisani Kiholanzi, mahakamani Kiholanzi au Kiingereza, gazetini vivyo hivyo. Hiyo yake ya kila siku waliiita lugha ya jikoni.

Preller alizaliwa Pretoria tarehe 4 Oktoba 1875. Wiki saba tu kabla ya hapo, tarehe 14 Agosti, watu wachache walikutana Paarl, kule Rasini, yaani eneo la Cape, kusini kabisa mwa Afrika, wakaunda chama cha kukitetea Kiafrikaans, na Januari 1876 wakatoa gazeti lao, Die Afrikaanse Patriot. Kiongozi wao alikuwa mchungaji, S. J. du Toit, ambaye baadaye aliandika hata tamthilia, Magrita Prinslo, mwaka 1897. Kwa hiyo Preller hakuianzisha safari hii, na ukimfundisha usimpe sifa hiyo. Kundi la Paarl lilishafyeka njia. Tatizo ni kwamba waliandika jinsi mkulima anavyotamka, neno kwa neno, na wasomi wa mjini walipoisoma tahajia ile walicheka. Harakati ikapoa. Ilihitaji msiba kuiamsha.

Msiba wenyewe ni vita vya 1899 hadi 1902 kati ya Makaburu na Waingereza. Preller alipigana katika kikosi cha mizinga, akakamatwa, akapelekwa India akiwa mfungwa wa vita. Huku nyuma mashamba yalichomwa, na wanawake na watoto wakawekwa kambini. Walikufa Makaburu zaidi ya 26,000 katika kambi zile, wengi wao watoto. Waafrika nao walikuwa na kambi zao, wakafa kwa maelfu, na hao kumbukumbu za Makaburu ziliwasahau kwa muda mrefu sana. Amani ilipotiwa saini Mei 1902, gavana Milner alitaka shule zifundishe kwa Kiingereza. Waafrikana, yaani hao hao Makaburu, walisimuliana kwa miaka mingi kisa cha mtoto kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiholanzi shuleni. Kibao hicho wewe na mimi tunakijua. Nimekiona kwa macho yangu katika shule moja ya hapa kwetu, shingoni mwa mtoto wa darasa la tatu, na kosa lake lilikuwa kuomba maji kwa Kiswahili.

Preller alirudi Pretoria, na mwaka 1903 akaajiriwa na gazeti la De Volkstem, lililokuwapo tangu 1873, wakati huo likiongozwa na Mholanzi, Dk. F. V. Engelenburg. Jina la gazeti maana yake ni Sauti ya Taifa, na sauti yenyewe ilikuwa ya Kiholanzi. Lisome tena hilo jina: De ni Kiholanzi, na kwa Kiafrikaans ni Die. Gazeti hilo baadaye lilikuja kuitwa Die Volkstem. Herufi moja tu iliongezeka, na kazi ya miaka yote ya Preller unaweza kuiona ndani ya herufi hiyo.

Mwezi Machi 1905 mwanasiasa mkongwe wa Rasi, Jan Hofmeyr, alihutubia Stellenbosch. Aliuliza: je, kweli tuna nia? Alimaanisha nia ya kukilinda Kiholanzi dhidi ya Kiingereza. Preller akalichukua swali hilo na kulijibu kwa mfululizo wa makala katika De Volkstem mwaka huo huo. Alisema, naam, na tuwe na nia basi, lakini kwa lugha tunayoisema. Huwezi kuwaambia watu wafe kwa ajili ya lugha ambayo hakuna mtoto anayeiota usingizini.

Kuna jambo moja katika makala zile ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu wa chuo, na wewe uwaonyeshe wako. Kichwa chake kilikuwa "Laat 't ons toch ernst wezen", yaani na tuwe na nia basi. Hicho ni Kiholanzi! Mtu anakitetea Kiafrikaans huku mlango wa makala yake umeandikwa kwa lugha ya wale anaotaka kuwashawishi. Wengine humwona mwoga hapo. Mimi naona mwandishi wa habari anayewajua wasomaji wake. Kundi la Paarl liliandika kwa hasira na likabaki na waumini wake. Preller aliandika kwa ajili ya wakili, mwalimu na mchungaji, akawaingilia kwa lugha wanayoiheshimu, kisha taratibu akawatoa nje kupitia mlango mwingine. Hata tahajia aliyoitaka ilikaa karibu zaidi na ya Kiholanzi kuliko ile ya Paarl. Mkulima hakuwa na shaka na lugha yake. Aliyetakiwa kushawishiwa ni mwenye shahada.

Mwaka ule ule, tarehe 23 Juni, rafiki yake Eugène Marais alichapisha katika gazeti la Land en Volk shairi fupi liitwalo Winternag, juu ya upepo mwembamba wa baridi na nyika iliyoungua. Makala za Preller zilidai kwamba lugha hii inaweza kubeba fasihi, na wiki chache baadaye shairi likatokea na kuibeba. Desemba 1905 chama cha kwanza cha harakati hii ya pili, Afrikaanse Taalgenootschap, kikaundwa Pretoria, na Preller alikuwa katikati yake.

Sasa nije kwenye jukwaa, ambalo ndilo ulilouliza.

Ili ulielewe jukwaa la Pretoria lazima urudi nyuma hadi Grahamstown mwaka 1838. Kikundi cha waigizaji wasiolipwa kilionyesha kichekesho cha Andrew Geddes Bain, Mskoti aliyekuja kujulikana kwa ujenzi wa barabara za milimani. Mhusika wake ni mwanamke Mkhoikhoi, yaani wa wenyeji wa asili wa Rasi, Kaatje Kekkelbek, ambaye anaingia akiimba na kubwabwaja, amelewa, akichanganya Kiingereza na ile lugha ya mitaani iliyokuja kuitwa Kiafrikaans. Ukumbi ulicheka. Ulimcheka Kaatje, na ukaicheka lugha iliyokuwa mdomoni mwake. Hapo lugha ilikuwa sawa na nguo ya mchekeshaji: suruali iliyoviringwa, shati la viraka. Kwa miaka mingi baada ya hapo, Kiafrikaans kilipopanda jukwaani kilipanda hivyo, kumwonyesha mtumishi, mlevi, mshamba.

Wewe mlezi wa maigizo unaijua hali hii vizuri. Fikiria vichekesho vyetu: mhusika akipewa lafudhi ya kabila fulani, watu wanaanza kucheka kabla hajasema jambo. Hiyo ndiyo hali iliyotakiwa kugeuzwa, na makala za gazeti haziwezi kuigeuza, hata ziwe na hoja nzito namna gani. Msomaji anaweza kukubaliana na hoja akiwa peke yake kibarazani na bado akaona haya kesho mbele za watu. Haya ni jambo la hadharani, na dawa yake hutolewa hadharani.

Mwaka 1906 Harm Oost, naye mwandishi wa habari, aliandika tamthilia ya Kiafrikaans, Ou Daniel. Muda si mrefu kikaundwa Pretoria chama cha maigizo, Afrikaans-Hollandse Toneelvereniging, yaani chama cha maigizo cha Kiafrikaans na Kiholanzi. Ona tena jinsi lugha mbili zilivyofungwa nira moja katika jina. Hawa hawakuwa waigizaji wa kulipwa. Vikundi vya kulipwa vilivyozunguka na michezo ya Kiafrikaans vilikuja miaka ya 1920. Hawa wa mwanzo walikuwa watu wenye ajira zao za mchana, wakikutana jioni kufanya mazoezi.

Preller alikuwa mmoja wao, na mchango wake ninaoupenda kuliko yote ni tafsiri. Alichukua kichekesho cha Kiingereza cha Brandon Thomas, Charley's Aunt, kilichokuwa kikijaza kumbi tangu 1892, akakigeuza kuwa Piet s'n Tante, Shangazi yake Piet. Ni hadithi ya vijana wa chuo wanaotaka kuonana na wachumba wao. Wanahitaji mtu mzima wa kukaa nao kwa heshima, shangazi tajiri anachelewa kufika, basi wanamvisha rafiki yao gauni na kumwita shangazi. Vurugu zinazofuata unaweza kuzikisia.

Mtu aliyeandika makala nzito za mwaka 1905 anashughulika na mwanamume aliyevaa gauni? Naam, na hapo ndipo ninapoona akili yake. Waliokuwa ukumbini walicheka kuliko walivyocheka Grahamstown, ila safari hii walimcheka kijana aliyejikwaa kwenye pindo la gauni. Lugha yenyewe haikuchekwa na mtu. Ilikuwa imekaa kimya kazini, ikibeba utani, mahaba, uongo wa haraka, matusi ya adabu. Wanaoongea Kiafrikaans pale jukwaani walikuwa vijana wa chuo na mabinti wa nyumba za heshima. Mke wa wakili aliyekaa kiti cha mbele alisikia lugha ya jikoni kwake ikisemwa na mtu aliyevaa kama mumewe.

Litazame jina kwa karibu. Kwa Kiholanzi cha vitabuni ungeandika Piets tante, au de tante van Piet. "Piet s'n" ni jinsi mdomo unavyosema. Leo Waafrikana wangeandika "Piet se". Kwa hiyo kila tangazo la mchezo ule lilikuwa somo dogo la sarufi, na waliolisoma hawakujua kama wako darasani. Mhariri angeweza kuandika safu tatu kutetea umbo lile la umilikishi na asimshawishi mtu. Tangazo la mchezo linasomwa na anayetaka kujua tiketi ni kiasi gani.

Kuna faida nyingine, na hii utakuwa umeiona mwenyewe kwenye klabu yako. Mwigizaji wa kujitolea hurudia mistari yake kwa majuma, nyumbani, njiani, akipiga pasi. Kabla mchezo haujaonyeshwa mara moja, sentensi zile zimeshapita vinywani mara mamia. Na mazoezini ndipo mtu husimama na kusema, "hapana, hivi hatusemi". Mimi nimekaa katika mazoezi ya namna hiyo na ninakuhakikishia kwamba hakuna kamati ya lugha inayogombania neno moja kwa ari kama waigizaji saba waliochoka saa tatu usiku. Sisi wenyewe tunalo la kujivunia upande huu: Mwalimu Nyerere, akiwa na nchi ya kuendesha, alikaa akamtafsiri Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alijua kwamba wanaosema lugha haiwezi jambo fulani hunyamaza wakiisikia ikilifanya.

Matokeo yalikuja haraka. Muungano wa Afrika Kusini wa 1910 ulitambua Kiingereza na Kiholanzi tu. Mwaka huo Preller alishiriki kuanzisha jarida la Die Brandwag na kulihariri. Mwaka 1914 Kiafrikaans kiliruhusiwa katika shule za msingi, 1917 kikapata orodha rasmi ya maneno na kanuni za tahajia, na Mei 1925 Bunge likapitisha kwamba neno "Kiholanzi" katika katiba limejumuisha Kiafrikaans. Ni miaka 20 kamili tangu zile makala. Wenzako wanaosema kamusi na mabaraza ndiyo kazi, waonyeshe tarehe. Akademia ya lugha iliundwa 1909, orodha ya maneno ikaja 1917. Gazeti na jukwaa vilitangulia vyote viwili.

Swali lako la mwisho ni gumu zaidi, na sitalizunguka.

Kalamu ile ile iliyokitoa Kiafrikaans jikoni ilifunga mlango nyuma yake. Mwaka 1906 Preller alitoa kitabu juu ya Piet Retief, kiongozi katika msafara wa Makaburu waliohama Rasi kwa magari ya ng'ombe, aliyeuawa kwa amri ya Dingane, mfalme wa Wazulu, mwaka 1838. Kilisomwa na kuchapwa tena na tena. Kisha akaandika muswada wa filamu De Voortrekkers, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Krugersdorp tarehe 16 Desemba 1916, siku ya kumbukumbu ya Makaburu kuwashinda Wazulu kwenye mto Ncome. Filamu ilikuwa bubu, kwa hiyo mtu wa lugha alikuwa amefika mahali ambapo lugha haikuhitajika tena, picha zilitosha: magari ya kukokotwa na ng'ombe, wanawake wenye kofia za kitambaa, na Wazulu kama tishio. Waliocheza Wazulu walikuwa vibarua wa migodini, na siku ya kupiga picha za mapigano maigizo yaligeuka ugomvi wa kweli, watu wakaumia. Makaburu walipoadhimisha miaka 100 ya msafara mwaka 1938, walivaa mavazi na kupanda magari yaliyofanana sana na yale ya kwenye filamu. Miaka 10 baada ya hapo, chama cha ubaguzi wa rangi kilishinda uchaguzi. Preller hakuishi kuyaona hayo, alifariki tarehe 6 Oktoba 1943, lakini hadithi waliyojisimulia walipokwenda kupiga kura ilikuwa na alama za vidole vyake. Na tarehe 16 Juni 1976 watoto wa Soweto waliingia barabarani kwa sababu lugha iliyowahi kukatazwa shuleni ilikuwa sasa inalazimishwa kwao.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Preller na wenzake walikisimulia Kiafrikaans kuwa cha Wazungu, na hakikuwa chao peke yao hata siku moja. Kilichemka kuanzia karne ya 17 kule Rasini, midomoni mwa Wakhoikhoi, na mwa watumwa walioletwa kutoka Indonesia, India, Madagascar na pwani ya Afrika Mashariki. Neno "baie", yaani "sana" au "wengi", limetoka Kimalei. Piesang, ndizi, hali kadhalika. Waislamu wa Cape Town walikiandika katika madrasa zao kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili. Abu Bakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa na dola ya Uturuki, aliandika kitabu kizima cha fiqhi kwa lugha hiyo, Bayan al-Din, kikapigwa chapa Istanbul mwaka 1877, wakati Preller bado ni mtoto mdogo. Leo zaidi ya nusu ya wanaozungumza Kiafrikaans kama lugha ya mama si Wazungu. Ni wajukuu wa Kaatje. Jukwaa la Pretoria liliiheshimisha lugha kwa kumwondoa yeye jukwaani.

Kwa hiyo mfundishe, mwalimu, na umfundishe mzima. Usimfiche kwa sababu ya dhambi zake, wala dhambi zake usizifunike kwa sababu ya lugha. Na usimfundishe peke yake. Mweke kando ya mtu wa rika lake, Sol Plaatje, aliyezaliwa 1876. Naye alikuwa mhariri, wa Koranta ea Becoana kule Mafikeng, na naye alitafsiri michezo kutoka Kiingereza. Kichekesho cha Shakespeare, The Comedy of Errors, kilitoka kwa Kisetswana mwaka 1930 kwa jina la Diphosho-phosho. Watu wawili, nchi moja, kazi moja, na mmoja tu kati yao ndiye lugha yake ilipewa serikali.

Kipindi cha kwanza lakini usianze na Preller wala Plaatje. Tafuta picha ya ukurasa mmoja wa Bayan al-Din, uchape nakala, uwagawie bila kusema ni lugha gani. Wale wanafunzi wako waliopita madrasa wataanza kuzisoma herufi kwa sauti kabla yako, na darasa zima litawageukia kuuliza wanasema nini.